Mkono wa Mwisho Kwenye Koki

Mtungi wa marehemu ulikuwa bado na hewa.

"Zaidi ya nusu," Inspekta alisema, akigonga kioo cha kipimo kwa ukucha. "Mtu amekufa akililia hewa, na hewa anayo mgongoni. Hebu niambie wewe hiyo imekaaje."

Koplo alikuwa amesimama kwenye mlango wa stoo ya vielelezo, kikombe cha chai mkononi, kama mtu anayeogopa kwamba bahari inaweza kumrukia kutoka kwenye vile vyombo.

"Afande, mimi maji yangu ni ya ndoo. Hayo ya kuyafuata kwao na mtungi mgongoni niliwaachia wenye roho mbili."

Inspekta hakucheka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya meza ambayo vifaa vyote vya Jumapili vilipangwa juu yake: mtungi na koki yake ya kufungulia hewa, jaketi la kuzamia, kipumulio na mirija yake, miwani, mapezi mawili ya miguuni, moja limechanika. Kabla hajaja upelelezi alikuwa kwenye kikosi cha uokoaji majini, mpaka ngoma ya sikio lake la kushoto ilipopasuka, na mikono yake bado ilikuwa inavijua vitu hivyo kuliko ilivyojua kalamu.

Jumapili hiyo daktari mmoja wa meno alikuwa ameondoka nyumbani na mkewe kwenda kutazama viumbe wa baharini. Walikuwa wamezoea, miaka sita kila walipopata nafasi walikuwa majini, mume akitafuta, mke akipiga picha. Kiongozi wao alikuwa kijana wanayemwita Pezi. Mbizi ya kwanza walirudi salama. Ya pili Daktari alirudi maiti. Hospitali ilisema mapafu yalipasuka: alipanda juu kwa kasi huku ameziba pumzi. Mkewe alisema zaidi ya hapo. Alisema alimwona Pezi kwa macho yake akimvuta mumewe miguu, na akatoa picha.

Kwa hiyo Pezi alikuwa mahabusu, na Mkuu wa Kituo alikuwa ameshatoa neno lake: baada ya chakula cha mchana kijana anapelekwa mahakamani kwa kosa la kuua. Kwenye benchi la korido mdogo wa marehemu alikuwa amekaa na mama yao tangu kunapambazuka, na kila askari aliyepita aliulizwa naye swali lile lile, muuaji anapelekwa lini, kwa sauti ya juu kuliko ya mwanzo.

"Nani aliigusa hii koki baada ya maiti kuletwa?" Inspekta aliuliza.

"Hakuna, Afande. Boti ilipofunga gati nilikuwa hapo. Nahodha alisema hajagusa kitu, na mimi nikaizungushia gundi ya karatasi palepale. Hiyo hapo, na sahihi yangu."

Inspekta alikata gundi kwa wembe. Alishika koki kwa vidole vitatu, akaizungusha kuifunga, taratibu kama anayefunga chupa ya dawa. Koki ilizunguka nusu, ikagoma.

Aliitazama. Akairudisha nusu ile ile, akaunganisha kipumulio, akakitia mdomoni na kuvuta pumzi, kipimo kikiwa mbele ya macho yake. Mshale ulishuka kila alipovuta, ukapanda kila alipotoa. Alivuta kwa nguvu, kwa haraka, kama mtu aliyeingiwa na hofu. Mshale ukaanguka karibu na sifuri.

"Koplo. Njoo uone."

"Naona unapumua, Afande."

"Hapa juu napumua. Nishushe chini kule mwamba unapoanzia, ambako kila pumzi inataka hewa mara tatu na nusu ya hii, uone kama nitapumua. Koki hii ilifunguliwa kidogo tu. Juu inatosha. Kipimo kinasoma vizuri, kifua kinajaa, unaruka. Chini inakukaba."

Koplo aliweka kikombe chini. "Basi ndiyo hivyo. Nani aliandaa mtungi? Pezi. Angeifunga kabisa wangegundua botini. Akaiacha nusu. Huyo si kijana wa mchezo, Afande. Huyo amekaa akapiga hesabu."

"Inawezekana."

"Inawezekana? Mtu na koki yake!"

"Niletee Nahodha."

*

Nahodha alikuwa mtu mnene, mchangamfu hata mahali pasipotaka uchangamfu. Alikaa kwenye kiti cha chumba cha mahojiano, kiti kikalalamika.

"Shikamoo, mama mkubwa. Mimi yule marehemu alining'oa jino la nyuma nikatoka nacheka. Nikimsema vibaya, hili pengo litaniumbua."

"Marahaba. Sitaki umseme vibaya. Niambie ugomvi ulikuwa wa nini."

Nahodha alijifuta uso. "Kasa. Ugomvi ulikuwa wa kasa. Mbizi ya kwanza walimkuta mkubwa, amelala chini ya mwamba. Daktari akamshika gamba apigwe picha. Pezi akapanda juu amekasirika hivyo, hata miwani hajavua. Akamwambia, 'Ukigusa kiumbe tena, nakuacha huko huko chini.' Maneno hayo. Sitaki kudanganya."

"Daktari akasemaje?"

"Alicheka. Akamwambia, 'Mdogo wangu, nimeshika meno ya watu maisha yangu yote, nitamwogopa kasa?' Hata mkewe alicheka. Pezi ndiye hakucheka. Alibadilisha mitungi, akawaandalia mipya, kisha akaenda kukaa kule mbele ya boti, kanuna kama bibi harusi aliyepelekewa bwana siye."

"Aliondoka kabla hawajaruka?"

"Alirudi wakati wa kuruka. Akaruka wa kwanza."

"Kati ya Pezi kwenda mbele na watu kuruka, nani alikuwa karibu na Daktari?"

"Mkewe. Nani mwingine? Mimi nilikuwa kwenye injini." Akainama mbele. "Mama, niulize kingine. Yule kijana unayemweka ndani, kuna mwaka alimpandisha mzungu mmoja kutoka chini huku anampa hewa yake mwenyewe, wanavuta kwa zamu kama sigara. Leo amvute mtu miguu kwa ajili ya gamba la kasa?"

"Watu wameuana kwa chini ya hapo."

"Watu wa nchi kavu," Nahodha alisema, na kwa mara ya kwanza hakutabasamu.

*

Picha zilikuwa kwenye kompyuta ya ofisi. Inspekta alizipitisha moja baada ya nyingine, na bahari ya Jumapili ikapita kwenye kioo chenye vumbi: samaki taa mwenye madoa ya buluu amejifukia mchangani, macho tu nje, mkunga, yule samaki kama nyoka, ametoa kichwa pangoni, kinywa wazi kama anayesubiri kung'olewa, farasi wa baharini, mdogo kama kidole, ameshikilia jani kwa mkia. Yule kasa, na Daktari ameshika gamba lake, mapovu ya kicheko yakimtoka. Kisha mbizi ya pili. Pweza. Pweza mwekundu, pweza wa kijivu, pweza aliyejifanya jiwe. Picha kumi na zaidi za pweza mmoja, kila moja na rangi yake.

Halafu ile moja.

Imepigwa kwa haraka, imeyumba. Daktari yuko juu, amenyooka kuelekea kwenye mwanga. Pezi yuko chini yake, mkono wa kushoto umekamata mguu wa Daktari, pezi la mguuni limechanika ndani ya vidole vyake.

"Hapo hata mtoto anaona," Koplo alisema.

"Mtoto anaona mkono mmoja. Mkono wa pili uko wapi?"

Inspekta aliikuza picha. Ukungu wa mapovu, kisha kitu cha njano. Akakuza tena. Mkono wa kulia wa Pezi ulikuwa umenyooshwa juu mpaka bega linataka kutoka, na kwenye ncha yake kulikuwa na kipumulio cha akiba, kile cha njano, mdomo wake umeelekezwa kwa Daktari.

"Anayetaka kukuzamisha hakupi hewa," alisema. "Alimshika mguu asipande kama kizibo. Unapanda kwa kasi hiyo na pumzi umeibana, mapafu yanapasuka. Ndivyo ilivyoandikwa na hospitali."

"Basi hakuua kwa mkono huu. Koki je?"

"Twende tukaiulize."

*

Pezi aliletwa stoo na pingu. Kijana mwembamba, midomo imekauka, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Inspekta alimfungua mkono mmoja na kumwekea mbele mtungi mwingine, uliojazwa asubuhi hiyo hiyo.

"Niandalie huu. Kama unavyoandaa kila siku. Usiongee."

Pezi alifanya kama alivyoambiwa. Jaketi, mkanda, kipumulio. Alishika koki, akaizungusha, ikazunguka na kuzunguka mpaka ikagoma. Akaondoa mkono.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Afande."

"Na ile nusu? Wengine wakishafungua kabisa wanairudisha nusu, isije ikang'ang'ania."

"Hiyo ya zamani. Sisi tulikatazwa. Koki iwe wazi kabisa au iwe imefungwa kabisa, katikati hakuna. Nikimkuta mwanafunzi wangu amerudisha nusu, anaosha boti."

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo alitazama sakafu.

"Botini, nani hugusa koki za mwisho kabla ya watu kuruka?"

"Kiongozi. Napita nyuma ya kila mtu napapasa. Ndiyo desturi. Mkono wa mwisho ni wangu."

"Jumapili ulipita?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Nilinuna." Alilitamka kama jiwe linalotoka kooni. "Nilikuwa nimenuna, Afande. Sikutaka kumsogelea. Nikaruka."

"Nani aligusa koki ya Daktari baada yako?"

"Nilipaswa kuigusa mimi."

"Sikuulizi nani alipaswa. Nani aliigusa?"

"Mimi ndiye nilipaswa kuigusa," Pezi alirudia, na akageuza uso ukutani.

Inspekta alimuuliza mara ya pili, kwa maneno mengine. Jibu lilikuwa lile lile. Akamrudisha mahabusu na kumwambia Koplo amwite mjane.

"Afande, Mkuu ameuliza tena faili."

"Mwambie nalipiga pasi."

*

Mjane alikuwa mwalimu wa hesabu, na alikaa kama aliyekuja kusimamia mtihani: mgongo wima, mkoba magotini, mtandio mweusi umekazwa kichwani bila kukosea hata kunjo moja. Mdogo wa marehemu alitaka kuingia naye. Koplo alimzuia mlangoni.

"Huyo ni shemeji yangu, kipenzi cha kaka yangu! Mnamhoji yeye badala ya muuaji?"

"Kaa, shemeji," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Nitatoka sasa hivi."

Mlango ulifungwa.

"Pole sana, Mwalimu," Inspekta alianza. "Nina maswali machache, halafu nitakuachia."

"Afande, sijaja kupewa pole. Nimeshapewa za kutosha, nyingine bado zipo kwenye simu sijazisoma. Nimekuja kusikia lini yule mtu anafikishwa mbele ya hakimu."

"Picha inaonyesha alikuwa anampa mumeo hewa."

"Picha inaonyesha amemkamata mguu."

"Inaonyesha vyote viwili."

Mwalimu alivuta pumzi. "Basi na nikwambie kitu ambacho sijamwambia hata shemeji yangu, kwa sababu angeivunja milango yenu. Yule mtu alidhamiria tangu botini. Mtungi wa mume wangu aliuacha umefungwa. Umefungwa! Ni mimi niliyeufungua. Kama si mimi, angeruka na koki imefungwa."

Kalamu ya Inspekta ilisimama.

"Uligusa koki."

"Nimekuwa nikigusa koki yake miaka yote sita. Yeye yangu, mimi yake. Sikumbuki mbizi hata moja ambayo sikumgusa."

"Ukajuaje kwamba ilikuwa imefungwa?"

"Kwa sababu ilizunguka. Ingekuwa wazi ingegoma palepale. Hii ilizunguka, ikazunguka, mpaka mwisho. Nikairudisha nusu kama tulivyofundishwa. Basi."

"Yeye alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anacheka na Nahodha kule kwenye injini. Kipumulio hakuwa amekitia mdomoni bado."

Inspekta alifunga daftari lake. Alinyanyuka, akawaongoza Mwalimu na Koplo hadi stoo, akaburuta benchi la mbao mpaka katikati ya chumba. Alivaa jaketi lenye mtungi ule ulioandaliwa na Pezi, akafunga mikanda, akakaa. Kipimo alikitoa mbele na kukiweka juu ya goti lake.

"Koplo, angalia koki. Iko wazi au imefungwa?"

Koplo alijaribu. "Wazi kabisa, Afande. Imegoma."

"Mwalimu, nisaidie. Siku zote ukimgusia koki, ulikuwa unakaa wapi?"

"Nyuma yake."

"Na Jumapili?"

"Nyuma kulikuwa na sanduku la kamera. Nilikaa mbele yake, tunatazamana."

"Kaa hivyo hivyo basi. Nifanye mimi ndiye yeye."

Mwalimu alisita, kisha akavuta kiti na kukaa mbele ya Inspekta, magoti karibu yagusane. Alinyoosha mkono ukapita juu ya bega la Inspekta, mkono uliozoea, haukutafuta.

"Tulifundishwa hivi: ukivuta kwako, unafungua," alisema. Akavuta kwake. Koki ilizunguka. Ilizunguka tena, na tena. Ikagoma. "Hivi. Unaona ilivyokuwa imefungwa? Halafu narudisha nusu."

Akarudisha nusu. Akaondoa mkono na kuuweka juu ya mkoba wake.

Inspekta alitia kipumulio mdomoni. Alivuta pumzi, na juu ya goti lake mshale ulishuka. Akatoa, mshale ukapanda. Akavuta kwa haraka. Mshale ukaanguka.

Mwalimu aliutazama. Alimtazama Koplo, ambaye alikuwa ameshatamka kwa mdomo wake kwamba koki iko wazi. Akautazama tena mkono wake. Polepole aliunyanyua hewani, akavuta kwake mara moja. Kisha akanyanyuka, akazunguka benchi mpaka nyuma ya Inspekta, akasimama hapo, akavuta kwake mara nyingine. Hakuwa amegusa kitu. Mkono ulizunguka kinyume cha ule wa kwanza, na mtu yeyote aliyepata kusimama mbele ya ubao angeliona hilo.

"Ilikuwa wazi," alisema. "Ukikaa mbele, kuvuta kwako ni kufunga."

Inspekta alitoa kipumulio. "Ilikuwa wazi."

"Yule kijana aliifungua."

"Ndiyo."

"Na mimi..." Alishika mgongo wa kiti. "Mume wangu alinigongea, Afande. Kule chini. Aligonga mtungi kwa kisu chake, ko, ko, ko. Nilisikia. Pweza alikuwa ndiyo anabadilika rangi, sijawahi kumpata akibadilika. Nikageuka nikamwona anafanya mkono hivi shingoni, ishara ya kukosa hewa. Nikadhani anacheza, alikuwa anapenda mchezo. Nikamwonyesha kiganja, subiri. Nilimwambia mume wangu asubiri."

Koplo alitoka nje ya stoo, akajifanya anatafuta kikombe chake.

"Si kuua," Inspekta alisema. "Sheria ina neno lake kwa jambo kama hili, na nitakuandikia hivyo. Na si mkono wako peke yake. Pezi alitakiwa apite nyuma yako na hakupita."

"Anajua kwamba ni mimi?"

"Alikuona kutoka kule mbele, nadhani. Nimemuuliza mara mbili nani aligusa mwisho. Mara zote mbili amenijibu kwamba alipaswa kugusa yeye."

Mwalimu alifumba macho, akafumbua. Alijiweka sawa mtandio, ingawa haukuwa umelegea.

"Mfungulie."

"Nitamfungulia. Wewe kaa hapa kwanza. Nitakwenda kuzungumza na familia mimi mwenyewe. Nina namna ya kulisema."

"Hapana. Ukilisema wewe, shemeji atasema umehongwa. Na mama mkwe atalisikia kwa askari." Alichukua mkoba wake. "Nitalisema mimi."

Inspekta alimfungulia mlango.

Korido ilikuwa na watu wengi kuliko asubuhi. Majirani wawili walikuwa wamefika, na binamu mmoja aliyekuja na gari. Mdogo wa marehemu aliruka kutoka kwenye benchi.

"Shemeji! Wamekubali? Wanampeleka leo?"

"Kaa chini, shemeji."

"Niambie kwanza. Wamekubali?"

"Kaa nimesema. Na hao wengine wasogee, mama asikie vizuri. Sitaweza kulirudia."

Kwenye benchi mama mkwe alisogea kidogo, akapapasa mbao kando yake, akimpisha mke wa mwanawe mahali pa kukaa. Mwalimu hakukaa. Alibaki amesimama mbele yao, mkoba kifuani, na akaanza tangu kule botini.